Usingizi Katika Lugha za Watu na Katika Qurani Tukufu

Katika Sura Ar-Rum, Qurani Tukufu inahesabu baadhi ya Ishara za Mwenyezi Mungu. Aya ya 23 inataja kuumbwa kwa mbingu na ardhi na kuhitilafiana kwa lugha za watu na rangi zao. Na mara baada yake, katika aya ya 24, unatajwa usingizi wa watu usiku na mchana. (Msomaji anayetumia Misahafu mingine akumbuke kwamba sisi tunahesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura, basi hesabu yetu huzidi kwa moja.) Lugha na usingizi vimewekwa jirani, na vyote viwili vimeitwa Ishara. Kwa hiyo si kazi ya bure kuuliza jinsi mataifa mbalimbali walivyoupa usingizi majina yake, na ni nini walichokiona ndani yake walipokuwa wakiutaja. Tena lipo jambo moja kubwa la itikadi linalotegemea jibu la swali hili, nalo tutalifikia baadaye.

Tuanze nyumbani. Kiswahili kina neno kulala, walakini neno hili peke yake halimaanishi usingizi. Kulala kwa asili ni kujinyosha chini, kinyume cha kusimama. Ndiyo maana husemwa mti umelala njiani, jahazi limelala upande, au mali imelala ghalani, wala hakuna adhaniye kwamba mti unakoroma. Mgonjwa hulazwa hospitalini, naye huenda asipate hata lepe la usingizi usiku kucha. Lugha nyingi za Kibantu zina neno hili: Kizulu ni lala, Kishona ni rara, na katika Kinyarwanda kurara ni kupitisha usiku mahali. Watu hawa waliutazama mwili wa aliyelala, wakauona umelazwa chini, wakatoa jina.

Neno usingizi lenyewe ni jamaa ya kusinzia. Kwetu kusinzia ni kule kuinamisha kichwa kabla ya kulala hasa. Lakini katika Kinyarwanda na Kirundi gusinzira ndiko kulala usingizi kamili. Wabantu wengine wengi wanatumia neno jingine kabisa: Waganda husema otulo, Wakikuyu toro, watu wa Malawi wasemao Kichewa husema tulo, na Wakongo tulu. Kwa neno hilo moja waweza kuvuka Afrika kutoka Ziwa Nyanza mpaka pwani ya Atlantiki ukaeleweka kwamba wataka kulala.

Hapa nataka kutoa tahadhari kidogo kwa ndugu zetu. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, katika kitabu chake Minanur-Rahman alichokiandika mwaka 1895, alieleza kwamba Kiarabu ndicho mama wa lugha zote. Wajuzi wa lugha wa vyuo vya Ulaya hawalikubali jambo hilo, na sisi tunaliamini. Lakini imani hiyo haimpi mtu ruhusa ya kushika maneno mawili yanayolingana kwa sauti na kutangaza kwamba amegundua undugu wao. Nimewahi kusikia ikisemwa kwa furaha kubwa kwamba kusinzia kwetu kumetokana na neno la Kiarabu sina, yaani lepe la usingizi, ati kwa sababu yote mawili yana "sin". Sipendi kujenga juu ya msingi kama huo. Kusinzia kuna ndugu zake wa Kibantu wanaojulikana, kama tulivyokwisha kuona, na asiyekubaliana nasi atatuangusha kwa swali moja tu. Hoja kubwa ya Seyidna Ahmad a.s. haikuwa kufanana kwa sauti, bali utaratibu wa maneno ya Kiarabu yenyewe: kwamba kila jambo la asili limepewa neno lake, na kila neno lina sababu yake ndani ya mzizi wake. Hilo ndilo jambo ambalo msomaji wa Qurani Tukufu anaweza kulipima mwenyewe, na usingizi ni mfano mzuri wa kulipimia.

Kabla ya kufika huko, tupite upesi kwa majirani wengine. Lugha za jamii ya Kihindi na Kizungu zina mzizi mmoja wa kale sana wa usingizi ambao bado unaonekana kila mahali. Katika Kisanskriti ni svapna. Katika Kilatini ni somnus. Katika Kiyunani ni hypnos. Katika Kirusi ni son. Na katika Kiajemi ni khwab. Anayezitazama herufi hizi kwa mara ya kwanza hawezi kuona udugu wowote kati ya hypnos na somnus, lakini kanuni za kubadilika kwa sauti zinauthibitisha pasipo shaka, na hili nalo ni onyo kwa wenye haraka: maneno yanayofanana huenda yasiwe ndugu, na maneno yasiyofanana huenda yakawa ndugu wa damu. Jambo la kuangaliwa ni kwamba mzizi huu huelekea kuchanganya usingizi na ndoto. Svapna ni vyote viwili. Khwab ya Kiajemi ni vyote viwili. Son ya Kirusi vivyo hivyo. Sisi tuliosoma Kiurdu twajua kwamba humo khwab imebaki kuwa ndoto tu, na usingizi wenyewe huitwa nind, kutokana na neno jingine la Kisanskriti, nidra. Waingereza na Wajerumani waliiacha njia hiyo. Neno lao sleep, na schlafen la Kijerumani, ni la mzizi unaomaanisha kulegea. Wajerumani mpaka leo humwita mtu au kitu kilicholegea schlaff. Basi mmoja aliuona mwili ulionyoshwa, mwingine akaona viungo vilivyolegea, mwingine akaona ndoto. Kila mmoja alisema kweli, lakini alisema upande mmoja.

Sasa tuje kwenye Kiebrania na Kiarabu, ambazo hata wajuzi wa Ulaya wanakiri kwamba ni lugha ndugu. Mara kwa mara wasomaji wa Biblia wanaochunguza Uislamu hutuambia kwamba Ayatul-Kursi (2:256) inafanana na Zaburi ya 121, aya ya 4. Ni kweli. Zaburi inamsifu Mlinzi wa Israeli kwamba hasinzii wala halali. Na Ayatul-Kursi inasema kwamba Mwenyezi Mungu hashikwi na lepe wala usingizi. Lakini wachache wanajua jinsi mambo yalivyo ndani ya maneno yenyewe, nayo ni ya ajabu.

Kiebrania kimetumia vitenzi viwili: cha kwanza kinatokana na num, na cha pili kinatokana na yashen, ambacho jina lake ni shena. Kiarabu kimetumia majina mawili: la kwanza ni sina, na la pili ni naum. Atazamaye kwa makini ataona kwamba ni maneno yale yale. Num na naum ni mzizi mmoja. Sina na shena pia ni mzizi mmoja, kwa kuwa sini ya Kiarabu mara nyingi huwa shini katika Kiebrania, kama vile salaam ni shalom na lisan, yaani ulimi, ni lashon. Na wau iliyo mwanzo wa neno la Kiarabu huwa ya katika Kiebrania, kama walad, mtoto, alivyo yeled. Mzizi wa sina ni w-s-n, na mzizi wa shena ni y-sh-n. Lugha zote mbili zimeiangusha herufi ya kwanza ya mzizi zilipotengeneza jina hili.

Walakini maana zimebadilishana nafasi! Katika Kiebrania num ni kusinzia kwepesi na shena ni usingizi hasa. Katika Kiarabu sina ndilo lepe jepesi, na naum ndio usingizi hasa. Basi mtu ambaye angenakili Zaburi neno kwa neno, akidanganywa na kufanana kwa sauti, angelitanguliza naum na kuiweka sina nyuma, na mpango wa maana ungeharibika. Qurani Tukufu haikufanya hivyo. Imefuata maana kwa Kiarabu safi, ikatanguliza jepesi na kufuatisha zito, hata kama kwa sauti mpangilio umekuwa kinyume cha ule wa Kiebrania. Wale wanaosema kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. aliokota maneno huku na huko kwa Mayahudi wanapaswa kulifikiri jambo hili.

Yawezekana mtu akauliza: kama Mungu hasinzii, ni dhahiri kwamba halali, kwa nini basi usingizi utajwe baada ya lepe? Jibu liko katika kitenzi kilichotumiwa, ambacho maana yake ni kushika au kuchukua. Waswahili watalielewa jibu hili upesi kuliko wengine, kwa sababu sisi pia husema usingizi umemchukua, au amepitiwa na usingizi, kana kwamba usingizi ni mwenye nguvu anayekuja na kumteka mtu. Mlinzi hodari anaweza kulishinda lepe mara ya kwanza na mara ya pili, lakini usiku ukizidi usingizi mzito humshinda. Kwa hiyo imeanza kukanushwa nguvu ndogo, kisha ikakanushwa nguvu kubwa.

Tena tulinganishe na maneno mengine. Zaburi ya 44, katika aya ya 23, inamwita Mungu aamke na kumwuliza mbona amelala. Na Zaburi ya 78 inasema juu ya Bwana kama juu ya mtu aliyeamka usingizini. Najua wenzetu Wakristo watasema hayo ni maneno ya mashairi, nami sitabishana nao juu ya hilo. Lakini Injili ya Marko, sura ya 4, haikuandikwa kishairi inaposimulia kwamba Yesu alikuwa amelala juu ya mto katika shetri ya chombo, dhoruba ikivuma, mpaka wanafunzi wakamwamsha. Nabii Isa a.s. alikuwa mtumishi mwema wa Mungu aliyechoka kwa kazi ya mchana, akachukuliwa na usingizi kama mimi na wewe. Hakuna aibu yoyote katika hilo kwa Mtume. Shida inampata yule tu anayetaka kumfanya kuwa Mungu, maana atapaswa kueleza ni nani aliyekuwa Mlinzi wa Israeli saa ile.

Neno jingine la usingizi katika Qurani Tukufu ni subat (78:10 na 25:48). Mzizi wake ni kukata. Usingizi umeitwa hivyo kwa sababu hukata kazi na harakati za mchana na kuleta raha. Ni mzizi ule ule wa sabt, siku ya Sabato, ambayo Mayahudi huacha kazi. Sasa Biblia, katika Kutoka 31:17, inasema kwamba Mungu alipumzika siku ya saba na kuburudika. Qurani Tukufu imelitumia neno la kukata kazi kwa usingizi wa wanadamu, na kwa habari ya Mungu imesema katika Sura Qaf (50:39) kwamba aliziumba mbingu na ardhi bila kuguswa na uchovu. Sabato ya kupumzika ni kwa ajili ya mwenye kuchoka.

Kisha kuna nuas, usinzifu unaomjia mtu kwa utulivu. Neno hili limekuja mahali pawili tu, na pote pawili ni vitani: katika habari za Badr (8:12) na katika habari za Uhud (3:155). Mwenye hofu hasinzii. Waislamu wa Badr walikuwa wachache mbele ya jeshi kubwa, na kusinzia kwao kulikuwa dalili kwamba Mungu ameiondoa hofu nyoyoni mwao. Kiswahili hakina neno la pekee la jambo hili, nami nadhani hata Kiingereza hakina.

Hujuu ni kulala usiku, na limetumiwa katika kuwasifu wacha Mungu ambao hulala kidogo (51:18). Kulala mchana kwenye joto kali ni qailula, na kitenzi chake kimo katika 7:5. Ama neno hujud lina tabia ya kushangaza, kwani Waarabu hulitumia kwa kulala na pia kwa kukesha. Kutokana nalo limekuja tahajjud (17:80). Umbo hili la kitenzi cha Kiarabu lina kazi nyingi, na moja ya kazi zake ni kumaanisha kujiepusha na jambo, kama taaththama ilivyo kujiepusha na dhambi, ithm. Kwa hiyo tahajjud ni kuuvunja usingizi na kuutupa. Ndiyo maana wanachuoni wengi wamesema kwamba anayesali usiku kabla ya kulala amesali Sala ya usiku, lakini jina la tahajjud hasa ni kwa yule aliyelala kwanza kisha akaamka. Waongofu wapya waliozoea kusali rakaa nyingi baada ya Isha na kuziita tahajjud wafahamu tofauti hii.

Limebaki ruqud, kulala kwa muda mrefu. Qurani Tukufu imelitumia kwa Watu wa Pangoni (18:19), na kutokana nalo imekuja marqad, mahali pa kulala, ambalo makafiri watalitumia kwa makaburi yao watakapofufuliwa (36:53). Hapa twaingia katika mlango mkubwa zaidi, mlango wa usingizi na mauti.

Karibu kila taifa limeona kwamba vitu hivi viwili ni jirani. Wayunani wa kale, katika utenzi wa Homer, walisema kwamba Usingizi na Mauti ni ndugu pacha. Mtume Mtukufu s.a.w., katika Hadithi iliyopokelewa na Baihaqi, aliulizwa kama watu wa Peponi watalala, naye akajibu kwamba usingizi ni ndugu wa mauti, na watu wa Peponi hawalali. Na katika Bukhari imo dua yake ya kitandani, ambamo kulala kumetajwa kwa neno la kufa na kuamka kwa neno la kuhuishwa. Sisi nasi twasema mtu amelala fofofo, na kwa neno hilo hilo twasema amekufa fofofo; na maiti twamwombea alale mahali pema. Kiyunani kina kitenzi koimaomai, chenye asili ya kujinyosha chini kama kulala kwetu, nacho kilitumiwa kwa usingizi na pia kwa kifo. Kutokana nacho Wakristo wa kwanza waliyaita makaburi yao koimeterion, mahali pa kulala, sawa kabisa na marqad ya Kiarabu. Na Waingereza husema cemetery mpaka leo bila kukumbuka kwamba wanataja chumba cha kulala. Inafaa kukumbuka kwamba Khalifa wetu wa Pili, Hadhrat Mirza Bashiruddin Mahmud Ahmad r.a., katika Tafsiri yake aliwaeleza Watu wa Pangoni kuwa ni Wakristo wa kwanza walioteswa na Warumi, wakajificha katika mapango ya chini kwa chini ya makaburi hayo.

Kuchanganyika huku kwaweza kuwatatiza hata watu waliokuwa karibu na Mtume wao. Injili ya Yohana, sura ya 11, inasimulia kwamba Yesu aliwaambia wanafunzi wake kuwa Lazaro amelala. Wao wakafurahi, wakadhani ni usingizi wa kupona ugonjwa, mpaka alipowaambia waziwazi kwamba amekufa. Neno lilikuwa moja na maana mbili, na wanafunzi walichagua ile isiyokuwa.

Sasa tunalifikia jambo nililoliahidi. Mwenyezi Mungu amemwahidi Nabii Isa a.s. katika Sura Aali Imran (3:56) kwa neno mutawaffika, na katika Sura Al-Maida (5:118) Isa mwenyewe anasema kwa neno tawaffaitani. Asili ya maneno haya ni tawaffi, yaani kuchukua kwa ukamilifu. Sisi tunasema maana yake hapa ni kufisha. Ibn Abbas r.a., kama ilivyo katika Bukhari, aliieleza mutawaffika kwa neno mumituka, yaani nitakufisha. Walakini wako waliosema kwamba tawaffi hapa ni usingizi tu: ati Isa alilazwa, kisha akapandishwa mbinguni na mwili wake hali amelala. Kauli hii si ya watu wa barazani, imenukuliwa na Tabari katika Tafsiri yake kutoka kwa Rabii bin Anas. Basi inastahili kujibiwa kwa heshima na kwa hoja.

Jibu limo katika Qurani Tukufu yenyewe. Kitenzi cha tawaffi pamoja na jina litokanalo nacho vimekuja humo mara 25. Mahali pawili tu usingizi umeingia katika maana, na pote pawili limewekwa neno la kuonyesha hivyo. Katika 6:61 umetajwa usiku. Katika 39:43 limetajwa neno manam, usingizi wenyewe, kwa kuzitofautisha roho zinazochukuliwa wakati wa kifo na zile zisizokufa bali huchukuliwa usingizini, kisha nyingine huzuiwa na nyingine hurudishwa mpaka muda wake uliowekwa. Pasipokuwa na alama kama hiyo, tawaffi ya Mungu kwa mwanadamu ni mauti. Katika 3:56 na 5:118 hakuna usiku, hakuna kitanda, wala hakuna manam.

Tena tukubali kwa ajili ya mazungumzo tu kwamba ni usingizi. Je, mwenye kauli hiyo amepata alichokitaka? Aya ya 39:43 inasema kinachochukuliwa usingizini ni roho. Kila usiku mamilioni ya watu huchukuliwa hivyo, na miili yao hubaki vitandani. Hakuna mke aliyeamka asubuhi akakuta mumewe amepandishwa mbinguni kwa kuwa alilala. Basi hata kwa maana ya usingizi, neno hili halibebi mwili kwenda juu hata shubiri moja. Na ile aya ya 5:118 inaziba njia kabisa, maana humo Isa anasema kwamba alikuwa shahidi juu ya watu wake alipokuwa kati yao, na baada ya tawaffi Mungu ndiye aliyekuwa Mwangalizi. Mtume Mtukufu s.a.w. amesema, katika Hadithi ya Bukhari, kwamba Siku ya Kiyama atakapoona baadhi ya watu wake wakipelekwa upande wa kushoto, naye atasema kama alivyosema huyo mtumishi mwema. Hakuna Mwislamu hata mmoja anayesema kwamba tawaffi ya Mtume Mtukufu s.a.w., aliyezikwa Madina, ilikuwa kulazwa na kupandishwa.

Seyidna Ahmad a.s. hakuishia kwenye kueleza. Katika kitabu Izala Auham cha mwaka 1891 aliweka zawadi ya rupia 1,000 kwa yeyote atakayetoa mfano mmoja kutoka katika Qurani Tukufu, au Hadithi, au mashairi na maandiko ya Waarabu, ambamo Mungu ndiye mtendaji wa tawaffi na kiumbe mwenye roho ndiye mtendwa, na bado maana yake ni kuuchukua mwili, si kuchukua roho.

Nasi watu wa Pwani ya Afrika Mashariki tunao ushahidi mdogo wa kuongeza, ingawa ushahidi wa Kiswahili hauwezi kuihukumu lugha ya Kiarabu. Kiswahili cha kale cha dini kimelichukua neno hili na kulitamka kutawafu. (Lisichanganywe na kutawafu Alkaaba, ambalo ni neno jingine lenye mzizi mwingine.) Mzee akisema sheikh fulani ametawafu, watu hutafuta sanda, hawamwendei kumwamsha. Uko utenzi wa zamani unaojulikana kwa jina la Kutawafu Nabii, nao ni habari za kufariki kwake Mtume Mtukufu s.a.w. Waliolipokea neno hilo kwa Waarabu hawakuwa Waahmadiyya, wala hawakuwa na haja ya kutupendeza sisi, kwani neno limekuwako kwetu tangu kabla ya Jumuiya yetu kufika pwani hii. Walilipokea kwa maana waliyoisikia, na maana hiyo ilikuwa kufa.

Msomaji anayetaka kujipimia mwenyewe na azifungue aya hizi tatu pamoja, 39:43, 3:56 na 5:118, aziweke mbele yake kwa Kiarabu na kwa tafsiri yoyote aiaminiyo, hata isiyokuwa yetu, na kila penye tawaffi atafute kama pana neno la usingizi kando yake. Katika 39:43 atalikuta. Akiona limo pia katika zile mbili nyingine, na atuandikie.